Sura ya Saba: Jani Lisilotiwa Guniani

Ukipanda kilima cha Mbuya kwa upande wa Kinawataka, masikio hutangulia macho kukuambia kwamba mtaa umebadilika. Bondeni kuna redio, bodaboda, watoto, na mafuta yanayolia chini ya chapati. Kadiri unavyopanda, sauti zinapungua moja moja, kuta zinarefuka, na mwisho unabaki na ndege na mlio wa fagio uani kwa mtu. Huko juu ndiko nilikokutana na mti wa sura hii, na niliunusa kabla ya kuuona.

Nilikwenda kumwamkia mzee mmoja, sajini mstaafu, anayetunza uwanja wa nyumba ya zamani yenye paa la vigae. Mbuya ina kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi, kwa hiyo ni miongoni mwa mitaa ya Kampala ambako Kiswahili hakimshangazi mtu. Mzee alikipata jeshini, mimi nilikipata nyumbani, tukaelewana. Alikuwa akifyeka. Panga lake lilipogusa kichaka kilichosimama karibu na mlango wa jikoni, hewa ikageuka. Ilikuja harufu ya ganda la ndimu lililopitishwa motoni, yenye ukali kidogo wa pilipili manga, na nyuma yake moshi mwepesi.

"Mzee, mti huu mnauitaje?"

"Huu? Mti wa Muyindi."

"Na jina lake lenyewe?"

"Ndilo hilo, mwanangu. Nimeukata mara tatu huu. Unarudi."

Nilichuma kijiti kimoja nikakitazama juani. Jani moja la mti huu ni kijiti chenye vijani vingi, kumi na kimoja hadi ishirini na kimoja, vimepangwa huku na huku kama ngazi aliyoijenga mtoto, na kimoja kimekaa peke yake kwenye ncha. Kila kijani kina urefu wa pingili mbili za kidole. Ukikiweka kati ya jicho lako na jua, unaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, mamia yake. Hivyo ni vijifuko vya mafuta, na ndimo inamokaa harufu. Shika jani la mchungwa vivyo hivyo, utaviona pia, kwani ni ndugu. Mti huu ni wa ukoo wa michungwa na midimu, na una binamu wa hapa hapa kwetu: mjafari, ule wa miiba minene ambao Waganda wanauita ntaleyaddungu, yaani simba wa nyika, na ambao maganda yake yamechemshwa kwa ajili ya homa tangu zamani.

Nyumbani kwetu tuliyaita majani ya mchuzi. Wahindi wa Gujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindi wa Uganda, wanauita limdo, au kwa ukamilifu mitho limdo. Hapo inafaa kusimama kidogo. Limdo ni mwarobaini, na mitho ni tamu, kwa hiyo jina lote ni mwarobaini mtamu. Wahindi wa Kaskazini nao husema mwarobaini mtamu kwa maneno yao. Watamil husema kariveppilai, na ndani yake limo tena jina la jani la mwarobaini. Majani ya miti hii miwili yanafanana umbo ukiyatazama haraka, ingawa ukiyaonja hutayachanganya tena maisha yako yote. Sisi wa Afrika Mashariki tuliupokea mwarobaini kutoka Bara Hindi, tukaupa jina letu wenyewe, tukausifu kwamba unatibu maradhi arubaini, na leo hakuna kijiji cha pwani kisichokuwa nao. Mdogo wake mtamu alikuja kwa bahari ile ile, na huku Mbuya bado anaitwa kwa jina la mtu aliyempanda: Muyindi, yaani Mhindi.

Wataalamu wa mimea walimpa majina ya watu wengine kabisa. Kwa miaka mingi umejulikana kama Murraya koenigii, na siku hizi wengi wameurudishia jina lake la kwanza, Bergera koenigii. Huyo König anayetajwa alikuwa tabibu, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyefanya kazi Tranquebar katika Kusini mwa India na kufariki mwaka 1785. Naheshimu kazi yake. Lakini wanawake wa Kitamil walikuwa wamekwisha kuuotesha mti huo nyuma ya majiko yao kwa karne na karne kabla hajateremka melini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niupe mti huu sura nzima katika kitabu cha viungo. Viungo karibu vyote tunavyovijua vilitufikia vikiwa vikavu. Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, bizari nyembamba, uwatu, vyote hukaushwa, hutiwa guniani, hupakiwa jahazini, hukaa ghalani mwaka mzima, na bado hufika sokoni na nguvu zake. Ndiyo maana viliweza kuwa biashara. Mtu wa Kampala anaweza kutumia mdalasini maisha yake yote bila kuuona mti wake, wala kumjua aliyeubambua.

Jani la mchuzi halikubali hayo. Likikauka, harufu yake huondoka upesi, na kinachobaki ni kitu kama nyasi. Mbegu zake nazo ni dhaifu: tunda dogo jeusi linalong'aa lina mbegu ambayo haivumilii kukauka, na ikikaa wiki chache tu imekwisha kufa. Kwa hiyo jani hili huwezi kulitia guniani. Ukilitaka, sharti uubebe mti wenyewe ukiwa hai, chipukizi lenye udongo miguuni, ulimwagilie njiani kama unavyomnywesha mtoto, kisha ulichimbie shimo mahali utakapokuwepo miaka mitano ijayo. Mfanyabiashara anayepita hana haja nalo. Hiki ni kiungo cha mtu aliyeamua kukaa. Kila ninapouona mti huu nje ya Bara Hindi, huwa nasoma hapo uamuzi wa mtu, mara nyingi mwanamke, aliyesema moyoni kwamba hapa ndipo kwangu.

Wahindi walifikaje Mbuya? Wengi hudhani kila Mhindi wa Uganda ni mjukuu wa wajenzi wa reli. Kwa hakika, kati ya watu karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, kati ya 1896 na 1901, karibu 2,500 walifia kazini, na waliobaki baada ya kazi hawakufika hata robo. Wengi wao walikuwa Wapunjabi, watu wa ngano na samli, ambao jikoni mwao jani hili halina kiti cha mbele. Waliolihitaji kila siku walikuja kwa njia nyingine: wenye maduka kutoka Gujarati na Kutch, wakipitia Zanzibar na Mombasa. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch mwaka 1851, akaja pwani yetu angali kijana, na kabla ya kufariki mwaka 1916 alikuwa na maduka kutoka pwani hadi Kampala. Mwenye duka hulala dukani kwa muda. Kisha huleta mke. Mke akifika, huuliza: limdo iko wapi?

Reli yenyewe ilifika Kampala mwaka 1931. Mji ukapanda vilima, na nyumba zenye veranda na ua mpana zikajengwa, Mbuya nayo ikiwemo. Na mlango wa jikoni ukifunguka nyuma, hapo hapo, hatua nne au tano kutoka kwenye sufuria, ndipo mti hupandwa. Mahali pake panatokana na namna jani linavyotumika, na hilo nitalieleza, kwa sababu jani hili halieleweki kwa maneno matupu.

Weka mafuta kwenye kikaango kidogo, vijiko viwili au vitatu. Yapate moto hadi yaanze kuchezacheza. Tia mbegu za haradali nusu kijiko na usiondoke. Zitakaa kimya kidogo, kisha moja itaruka, kisha zote zitaanza kupasuka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Wakati huo huo, wala si kabla, chukua kijiti cha majani mabichi, kishike kwenye ncha, na kwa vidole vya mkono wa pili vuta kuelekea shinani. Vijani vyote vitabaki kiganjani. Vitupe ndani na ufunike haraka, kwa sababu maji yaliyomo yatagombana na mafuta na yote mawili yatakurukia. Sekunde kumi zinatosha. Majani yawe makavu kama karatasi lakini yabaki kijani. Mimina yote, mafuta na majani, juu ya dengu zilizokwisha kuiva, au juu ya kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Utasikia chungu kizima kikivuta pumzi. Anayepika hivi hawezi kuweka mti wake mbali: mafuta yako motoni, haradali inapasuka, na mkono unanyooshwa mlangoni.

Hapa kuna kosa moja ambalo nimelisikia mara nyingi, hata kwa wapishi wazuri: kwamba unga wa mchuzi wa rangi ya manjano unaouzwa kwenye vikopo umesagwa kutokana na majani haya. Sivyo. Unga ule ni mchanganyiko wa manjano, giligilani, bizari nyembamba, uwatu na pilipili, uliotengenezwa hasa kwa ajili ya Waingereza waliotaka kurudi kwao na ladha ya Bara Hindi ndani ya chupa. Unga huo ulipofika Buganda ulikuta neno letu la pwani linaungoja. Bizari ikawa binzaali, na leo binzaali ni neno la Kiganda kama mengine. Unga, kwa kuwa ni mkavu, ulipata jina. Jani bichi lilibaki uani kwa wenyewe.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke, na siku walizopewa zikawa tisini. Amri ikapanuliwa na kubadilishwa, na hadi Novemba makumi ya maelfu walikuwa wameondoka, wakiwemo wengi waliozaliwa Uganda na waliokuwa na karatasi za Uganda. Familia iliruhusiwa kutoka na takribani pauni 50. Karibu watu 28,000 walikwenda Uingereza, na zaidi ya 6,000 Kanada. Yameandikwa mengi kuhusu walichoacha: viwanda, maduka, mashamba ya miwa, magari yaliyotelekezwa kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Entebbe. Yote hayo yalihesabiwa na kuorodheshwa, na baadaye kukawa na bodi ya kusimamia mali za walioondoka.

Mti wa mlango wa jikoni haukuorodheshwa popote. Mtu aliyeruhusiwa masanduku machache hawezi kubeba mti. Na Novemba ya mji wa Leicester, Uingereza, ingeuua kabla ya Krismasi, kwani haupendi baridi hata kidogo. Ukiguswa na jalidi hunyauka na kufa. Halmashauri ya mji huo ilifikia hatua ya kutoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, kuwasihi watu wasiende huko. Walikwenda. Na wale walioweza kupata chipukizi miaka ya baadaye walilitia kwenye chungu na kuliweka ndani, karibu na dirisha la jua, wakalilea kama mgonjwa. Huko Uingereza mtu huvuna vijani vitano na kuhesabu kama amevuna vingi. Hapa Mbuya, kwenye kimo cha mita elfu moja na mia mbili hivi, karibu na mstari wa Ikweta, mvua mara mbili kwa mwaka, mti huo huo hukatwa kwa panga mara tatu na kurudi.

Kurudi kwake kuna sababu. Mizizi ya mti huu hupita karibu na uso wa ardhi, na kila inapojeruhiwa kwa jembe au panga, huchipuza. Ukilikata shina, unaiamsha mizizi. Mzee alinionyesha machipukizi saba kulizunguka shina kuu, mengine yakiwa mbali hatua tatu. Ndege nao hupenda matunda yale meusi na huangusha mbegu zikiwa bado mbichi, jambo ambalo gunia haliwezi kulifanya. Kwa hiyo mti ulioachwa mwaka 1972 haukuhitaji mtu wa kuutunza. Ulihitaji tu using'olewe.

Mwaka uliofuata, 1973, Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lugha hiyo ilikuwa imepanda vilima vya Kampala na askari, na kwa watu wengi wa mji ilinuka bunduki. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu ni lugha ninayoipenda. Lugha pia haitiwi guniani. Hubebwa hai, na hupokelewa au hukataliwa kulingana na mkono ulioileta. Mzee wa Mbuya na mimi tuliitumia asubuhi ile kuulizana habari za mti, na hapakuwa na hofu ndani yake.

Baada ya serikali ya Museveni kuingia mwaka 1986, na hasa katika miaka ya 1990, wenye mali waliruhusiwa kudai majengo yao. Wengine walirudi, wengine waliuza wakiwa huko huko, na wageni wapya kutoka Bara Hindi wamekuja wengi. Leo ukienda soko la Nakasero utakuta majani haya yamefungwa mafungu kwa uzi wa mgomba, kando ya bamia na giligilani mbichi. Mteja Mhindi hanunui kabla ya kukivunja kijani kimoja na kukinusa. Namsifu kwa hilo. Fungu ambalo halinuki ni la jana.

Dawa je? Swali hilo huulizwa kabla ya chakula, na katika nchi zetu nalielewa. Katika tiba ya Ayurveda majani haya hutolewa kwa tumbo linalosokota, kuharisha na kichefuchefu, na wanawake huyachemsha katika mafuta ya nazi na kupaka nywele zisiote mvi mapema. Maabara zimekuta ndani yake kemikali za kundi la kabazoli, mojawapo ikiitwa mahanimbini, na panya waliolishwa dondoo la majani wameonekana kushuka sukari ya damu. Lakini panya si shangazi yako mwenye kisukari. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo, na hayatoshi kumwambia mgonjwa aache vidonge vyake. Nasema hivi bila kudharau miti shamba. Uganda ina taasisi ya utafiti wa dawa asilia pale Wandegeya, na sheria ya tiba asilia ya mwaka 2019, na kazi hiyo inastahili kuheshimiwa. Ila Mbuya yenyewe ni shahidi wangu. Kwenye parokia ya Bikira Maria wa Afrika, kilimani hapo, mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa Reach Out Mbuya wa kuwahudumia wenye VVU, na watu wa mtaa huu wanajua kuliko wengi maana ya kumeza dawa kila siku bila kuruka. Jani la mchuzi likae chunguni, na dawa iendelee kumezwa. Mbegu zake zitupwe. Husemwa kuwa na sumu.

Kuna onyo jingine, la wakulima. Kwa kuwa ni ndugu wa mchungwa, mti huu hukaribisha vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa michungwa na kusambaza ugonjwa unaoyafanya majani yawe manjano na machungwa yabaki kijani, madogo na machungu. Kidudu kimoja ni cha hapa hapa Afrika. Kingine, Diaphorina citri, ni cha Asia, na mwaka 2016 watafiti walichapisha habari kwamba kimeonekana Tanzania. Baadaye kikapatikana Kenya. Kinaupenda mti wa majani ya mchuzi mno. Ndiyo maana nchi nyingi huzuia kuingiza miche na hata majani yake mabichi bila cheti. Kile walichofanya mabibi wa Kigujarati, kuficha chipukizi katika kitambaa chenye maji, leo usikifanye. Mti upo tayari. Ulishafika. Mwombe jirani.

Nami niliomba. Mzee alilizungushia chipukizi moja jembe, akalikata kutoka kwenye mzizi wa mama yake na bonge la udongo mwekundu ukubwa wa kichwa cha mtoto, akalifunga kwa kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki. Nililiteremsha hadi Kinawataka, kwa mama mmoja anayeuza kikomando: chapati iliyokatwakatwa, juu yake maharage. Nilikuwa nimemweleza habari za jani hili siku iliyotangulia, naye alisikiliza huku akigeuza chapati, bila kuahidi lolote. Alikata jerikeni ya njano katikati, akatoboa matundu chini kwa msumari wa moto, akaupanda mti ndani yake na kuuweka mlangoni, mahali ambapo mkono unafika.

Ndani ya wiki mbili vijani vyote vilianguka. Nilipita kila siku na kila siku nilitazama kijiti kitupu. Wiki ya tano niliporudi kutoka safari alinipungia mkono nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

"Ile binzaali yako mbichi imeshika!"

Binzaali mbichi. Hakuna aliyemfundisha. Kwenye ncha ya kijiti palikuwa na majani mawili mapya, laini, ya kijani cha ndizi changa, na la tatu lilikuwa kijiti kitupu, limechumwa tayari. Maharage ya siku ile yalikuwa na vijani vinane, nilivihesabu katika bakuli langu, na kijana wa bodaboda aliyekaa kando yangu alivitenga vyake pembeni ya sahani, akavitazama, kisha akavila.